Vijiti Arobaini Mfukoni

Watu hawaniamini nikisema najua Kihispania. Wananitazama, wanaitazama mashine yangu ya fotokopi pale Nyasubi, Kahama, wanakitazama kitenge nilichojifunga kiunoni, halafu wanacheka. Mteja mmoja aliwahi kunibana niseme chochote, anisikie. Nikamwambia kwa Kihispania kwamba suruali yake imefumuka nyuma. Alifurahi mno, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka kifua mbele.

Nilikipata kwa masista. Nilipika kwenye misheni moja upande wa Kishapu kwa miaka tisa, na masista watatu wa pale walitoka Amerika ya Kusini. Mkubwa wao ndiye aliyesimamia manunuzi yote: matofali, mchanga, mahindi ya gunia. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa plasta, na alipenda kupatana bei kuliko alivyopenda chakula changu. Nikimaliza kuosha vyombo vya mchana ananiita barazani, ananipa sentensi kumi, naziandika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Kesho yake ananihoji kabla sijabandika maharage.

Hakuanza na hiki ni kiti, hii ni meza. Aliniambia viti na meza nitavijua mbele ya safari. Alianza na maneno ya kukaa na mtu mnayevutana naye. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una sentensi tatu, na mpaka leo nazijua hata nikiamshwa usingizini. *Les aconsejo que esperen*, nawashauri msubiri. *Es mejor que hablemos mañana*, ni afadhali tuzungumze kesho. *No creo que sea justo*, sidhani kama ni haki. Niliona mapema kwamba Kihispania nacho hubadilisha mkia wa kitendo mtu anapotoa ushauri, kama sisi tunavyotoka kwenye "tunazungumza" kwenda "tuzungumze". Hapo nikajiona niko nyumbani, nikaacha kuiogopa lugha ya watu.

"Usimwambie mtu lazima," Sista alikuwa akinionya. "Ukimwambia lazima, anatafuta pa kukimbilia. Mpe maoni yako, mpe ushauri, halafu umwache na uamuzi wake."

Na nilimwona akifanya hivyo. Siku moja mfyatua matofali alikuja na bei ya kukomoa. Sista hakupandisha sauti. Alisema, kupitia kwangu, kwamba haoni kama ni vizuri rafiki yake aondoke leo na pesa nyingi halafu mwezi ujao asiitwe tena, na kwamba angemshauri akae kivulini afikirie. Jamaa alikaa kivulini, akaletewa chai, akafikiria, akashuka bei mwenyewe. Nilirudi jikoni nikicheka peke yangu.

Ni lazima niseme nilifikaje misheni, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Nilipokuwa na miaka ishirini nilitoroka na mchimbaji mmoja, tukaenda kuishi Mwakitolyo kwenye mashimo ya dhahabu. Hakuna aliyekuja nyumbani kusema, hakuna ng'ombe aliyetoka kwao kuja kwetu. Miaka minne baadaye aliposikia kwamba Geita kuna mwamba unatoa vizuri, aliondoka kwenda kuangalia, na mpaka leo bado anaangalia. Nami nikaenda kuomba kazi ya jikoni misheni. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Yeye alikuwa na kawaida ya kuwatembeza wageni zizini na kuwaonyesha ng'ombe mmoja mmoja: huyu aliletwa na binti yangu mkubwa, huyu na huyu waliletwa na wa pili. Mimi sikuwa na wa kuonyeshwa. Hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kunisema kwa hilo, hata mara moja. Iliniuma, na ningependa niseme wazi kwamba iliniuma kila mwaka.

Sasa tuje kwa binti wa kaka yangu. Huyu amenifuata kwa mdomo na kwa hasira, tunafanana mpaka mwendo. Alikuwa akiuza spea za mashine za migodini pale Kahama mjini. Unamwendea na kipande cha mkanda kilichokatika, anakitazama mara moja, anakutajia namba yake bila kufungua kitabu. Siku moja alikuja dukani kwangu ameongozana na mgeni mmoja mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono myeusi kwa grisi na tabasamu la kuomba radhi.

"Shikamoo shangazi," binti akasema. "Huyu mtu anafuata filta kwetu kila wiki, na filta zenyewe nadhani hazihitaji. Hebu niambie anasema nini. Nimechoka kucheka bila kujua nacheka nini."

Alikuwa fundi wa mashine za kuchoronga miamba, ametoka milimani huko Peru, na alikuwa na mkataba na kampuni moja upande wa Geita. Nilipomsalimu kwa Kihispania, yule mtu alikaa chini juu ya boksi langu la karatasi. Kisha akaanza kusema, akasema, akasema. Nilimfupishia binti wa kaka yangu kwamba anasema filta kweli hazihitaji.

Mwaka mzima waliongea kupitia kwangu, mpaka binti akajifunza Kihispania cha kugombana na fundi akajifunza Kiswahili cha spana. Nilimpenda yule kijana. Hakuwa mtu wa maneno makubwa. Aliniuliza kila kitu kuhusu kwetu, akaandika kwenye kijitabu chake cha mafuta ya mashine. Na aliponiambia kwamba anataka kuoa, na kwamba mkataba wake unaisha baada ya wiki nne na kampuni itampeleka nchi nyingine, nilisema hilo jambo niachiwe mimi.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa majivuno.

Kwetu mwanamume haendi ukweni peke yake kuongea habari za mahari. Anakuwa na mshenga, mtu wa kumsemea. Fundi alikuwa amempata dereva mmoja wa kampuni yao, mtu mzima, muungwana. Siku mbili kabla ya safari yule dereva akaugua malaria. Fundi alinipigia amechanganyikiwa. Nami nikamwambia, "Mshenga wa nini, na mimi nipo? Ulimi si ninao?" Nilijiona mimi ndiye daraja, barabara na gari lenyewe.

Nilimfundisha namna ya kuingia, namna ya kusalimu, asikae kabla hajaambiwa, asimkazie macho baba wa binti, apokee maziwa ya mgando kwa mikono miwili. Nilimfundisha kusema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma. Jambo moja sikumfundisha, kwa sababu halikunijia akilini kwamba kuna mtu duniani asiyelijua.

Nyumbani kwa kaka si mbali na Mhunze. Tulifika Jumapili mchana. Wazee walikuwa wamekaa chini ya turubai, kaka yangu kando kabisa, maana baba wa binti siku hiyo haongei. Msemaji alikuwa baba yetu mdogo, mzee mkavu mwenye koti la suti na kandambili, ambaye kazi yake ukoo mzima ni kusema na kubisha, na huifanya kwa moyo. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha. Fundi alifanya kila kitu sawasawa. Wanawake walichungulia kutoka jikoni wakaridhika.

Kisha baba mdogo akaleta ungo. Juu yake kulikuwa na vijiti vilivyokatwa vizuri, kila kijiti ng'ombe mmoja. Vilikuwa arobaini. Hakuna mtu kwetu anayetaka ng'ombe arobaini. Arobaini ni namna ya kufungua mazungumzo. Upande wa mwanamume unashtuka, unalia, unarudisha vijiti ishirini na tano kwa mkupuo, upande wa binti unakasirika, vinarudi kumi, mnakunywa maziwa, mnaanza upya. Inaweza kuchukua saa tano. Wazee huisubiri siku hiyo kama watoto wanavyosubiri sikukuu.

"Mwambie," baba mdogo alisema huku akisukuma ungo mbele, "sisi tunataka hawa."

Nami, mwanafunzi wa Sista, nikaona maneno hayo makavu mno. Nikayaongezea sukari. Nikamwambia fundi kwa Kihispania changu kizuri kuliko vyote kwamba wazee wanatoa maoni yao kwamba ingefaa alete ng'ombe hawa, na wanamshauri alitafakari jambo hili kwa moyo mweupe.

Fundi akatafakari kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akaanza kuokota vijiti. Aliokota vyote. Alivigonga kwenye goti vikae sawa, akavitia mfuko wa shati, vilivyobaki akavitia mfuko wa suruali. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa wazee.

"Wabeja," akasema.

Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa maziwa aliacha kikombe mdomoni. Kaka yangu alitazama viatu vyake. Baba mdogo aliutazama ule ungo mtupu kwa muda mrefu, halafu akaniambia kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele, "Mwambie mgeni wetu ale michembe, kisha asafiri salama."

Fundi alikula michembe yote. Yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa aliyasifu, akasema kwao nako hukausha viazi. Alikuwa na furaha, maskini. Alidhani ameoa.

Mimi niliitwa ndani.

"Huyu mtu anaficha kitu," baba mdogo akaanza. "Hata baiskeli kuukuu mtu hubisha bei. Yeye kawekewa arobaini, kabeba! Ama hana nia ya kuwaleta, ama binti yetu kamwona kama kiberiti cha dukani, bei moja, unaweka hela unaondoka."

"Baba mdogo, hakujua."

"Kama hakujua, nani alikuwa wa kumwambia? Kwao hakuna mtu? Nani alisimama upande wake?"

"Nilikuwepo mimi."

"Wewe?" Alinitazama, na ninakiri hakunitazama kwa ubaya. "Wewe ni wetu, ng'wanone, mwanangu. Ulikaa katikati unatoa maneno huku unapeleka kule. Upande wa kule hakukuwa na mtu."

Nina majibu ya kila kitu, muulize yeyote pale Nyasubi, lakini hapo nilijifunga upya kitenge tu. Baba mdogo alisema tutampa Jumapili moja tu, ijayo, maana baada ya hapo mvua zikianza wazee hawakusanyiki tena. Aje na mtu wa kwao anayejua kubisha. Asipokuja naye, mambo yaishe kwa amani.

Nilimkuta binti wa kaka yangu nyuma ya jiko, anasugua sufuria ambalo lilishatakata zamani.

"Shangazi," akasema bila kugeuka, "mimi simwachi. Lakini sitatoroka. Nataka niondoke nyumbani mchana, baba akiniona. Tafuta mtu wa kunibishania."

Hakukusudia kunichoma. Alikuwa anasema shida yake tu. Nilichukua sufuria lingine tukasugua pamoja.

Jumanne fundi alikuja dukani na vijiti vyake vimefungwa kwa mpira, amevitunza kama vyeti vya shule. Nilimkalisha kwenye boksi lile lile la karatasi, na safari hii nilimweleza bila sukari. Nilimwambia alichotakiwa kufanya ni kukataa. Alitakiwa kupiga kelele, kulalamika, kurudisha vijiti. Nilimwambia pia kwamba kosa ni langu, nilimwondolea mshenga nikidhani ulimi unatosha. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Lakini wewe ulisema wananishauri," alisema. "Kwetu mzee akikushauri hubishi. Nilihesabu, nikaona nitawalipa kwa miaka sita. Nikasema, basi, miaka sita."

Miaka sita! Na alikuwa anacheka wakati anakula michembe. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kofi kwa wakati mmoja. Kisha akashika kichwa.

"Mama yangu angekuwepo," akasema.

"Mama yako anafanya kazi gani?"

"Anauza viazi sokoni. Miaka thelathini sasa."

Nilinyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Mama wa fundi alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia nyeusi na misuko miwili ya nywele iliyofika mpaka kiunoni. Mwanawe alipomsimulia habari za vijiti, alisogeza uso karibu na simu.

"Vyote?" akauliza.

"Vyote, mama."

"Hukurudisha hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Akageuza macho kwangu kwenye kioo cha simu. "Señora," akaniambia, "nakuomba unisamehe. Mimi sikumlea hivi."

Tangu hapo nilijua tuko salama, au angalau tutapigana vizuri.

Jumapili tulipanga saa kumi na moja jioni, ambayo kwao ni saa tatu asubuhi. Tatizo lilikuwa mtandao. Pale kwa kaka simu inashika vizuri sehemu moja tu, nayo ni kwenye kona ya zizi, karibu na pipa la maji. Basi ukoo mzima ulibeba viti. Wazee wakapangwa kando ya zizi, baba mdogo na suti yake akakaa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye ndoo, na ng'ombe wakaja kutazama juu ya miti ya zizi kujua kuna nini. Dereva mwenye malaria naye alikuja, amepona nusu, amejifunga sweta. Alisema hawezi kukosa tena.

Mama wa fundi alianza na salamu, na alizijua. Aliuliza habari za wazee, za mvua, za watoto, za wale ng'ombe aliowaona nyuma. Aliuliza kwa nini wana nundu na kama nundu inauma. Baba mdogo alijibu kila swali, na shingo yake ikaanza kunyooka. Kisha yule mama akafuta mikono kwenye aproni, akasema:

"*No creo que sea justo.*"

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Miaka yote niliyokaa na sentensi ile sikuwahi kumsikia mama akiitumia kwa ajili ya mtoto wake. Niliitafsiri na nywele zimenisimama.

"Anasema anawaheshimu wazee, lakini haoni kama ni haki mjane kama yeye aanze kusubiri wajukuu akiwa na ng'ombe arobaini shingoni. Anashauri tuzungumze habari za ng'ombe kumi."

Mguno ulipita kwa wazee wote, mguno wa raha tupu. Baba mdogo alivua koti.

"Kumi!" alifoka. "Mwambie kwa kumi tunampa picha ya binti."

Nilitafsiri neno kwa neno. Yule mama hakupepesa. "Mwambie picha ninayo tayari kwenye simu, na sikulipa."

Baba mdogo alijipiga paja. "Mwambie binti huyu ana namba za spea zote kichwani! Mashine ikifa saa hii, anaifufua kwa mdomo!"

"Ni vizuri awe nazo," akajibu mama, "kwa sababu mwanangu hukumbuka mashine tu, siku yangu ya kuzaliwa hukumbushwa na jirani. Lakini kichwa cha binti hakipungui akiolewa. Ningependa wazee wanieleze wanapoteza nini."

"Tunapoteza kelele zake!" akasema baba mdogo. "Nyumba itakuwa kimya."

Kutoka jikoni binti alipiga kelele kwamba amesikia. Watu wakacheka mpaka ndama mmoja akaruka.

Walikwenda hivyo kwa saa mbili, na mimi katikati, jasho linanitoka, nimeshalewa maneno. Safari hii sikuongeza kitu wala kupunguza. Nilichogundua ni kwamba yule mama hakuhitaji sukari yangu. Alikuwa na upole wake mwenyewe, na ndani ya upole ule alikuwa hasogei hata kidole. Baba mdogo aliposema thelathini, alimwambia, "Baba, nakushauri unywe maji kwanza." Aliposema ishirini na nane, alimwambia kwamba ingekuwa bora ampumzishe, kisha akageuza simu kumwonyesha wanyama wa jirani yake, wenye manyoya mengi na shingo ndefu, akasema kwao mtu angeleta hawa.

Wazee waliinuka wote kuangalia.

"Huyo ni nani?" baba mdogo akaniuliza. "Ni kondoo au ni ngamia?"

Nikamuuliza. Mama akasema ana kidogo cha wote wawili, na anatema mate akikasirika.

"Kama shangazi," baba mdogo akasema, na hilo nilikataa kulitafsiri. Fundi alilitafsiri yeye.

Wakafika ishirini. Sijui hata ni nani aliyefika kwanza. Niliona tu wote wawili wanatazamana kwa heshima kama watu waliomaliza kulima shamba moja. Baba mdogo akaweka ungo chini. Fundi akatoa vijiti vyake vyote mfukoni, akafungua ule mpira, akaanza kurudisha kimoja kimoja. Mama alihesabu kwa Kihispania kutoka milimani kwao, baba mdogo akahesabu kwa Kisukuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwa na cha kutafsiri. Vilirudi ishirini kwenye ungo. Ishirini vikabaki mkononi mwa fundi.

"Sasa huyu ana kwao," baba mdogo akatangaza. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilimwona binti wa kaka yangu mlangoni pa jiko, ameshika mwiko, analia na kucheka kwa pamoja, na kaka yangu, ambaye hakuruhusiwa kuongea, akamtazama na kutikisa kichwa kwamba ndiyo.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nainama nichukue simu kwenye ndoo.

"Señora, ngoja," yule mama akasema. Alikuwa amevua kofia. "Nataka awepo ng'ombe mmoja zaidi. Huyu mzee hakumwomba, na simtaki anibishie. Ni wako wewe, uliyetuazima mdomo wako. Umesema ya watu muda wote huu. Napenda na wewe uwe na wako."

Hakujua lolote. Nimemuuliza binti mara nyingi, na ameniapia kwamba hakuwahi kumsimulia mtu habari za Mwakitolyo. Yule mama alikuwa ametazama tu, kama wanavyotazama watu waliokaa sokoni miaka thelathini.

"Amesemaje?" baba mdogo akauliza.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Amesemaje, ng'wanone? Kumeharibika?"

Wote walikuwa wananitazama, wazee, wanawake, kaka yangu, na ng'ombe vichwa juu ya miti ya zizi. Kihispania nilikuwa nacho chote na Kiswahili nilikuwa nacho chote, na sikuweza kusema sentensi moja fupi. Nilishika ukingo wa pipa la maji. Nilikuwa nalia waziwazi, mtu mzima mwenye duka lake.

Fundi ndiye aliyenisemea. Aliokota kijiti kimoja kwenye ungo, akakiweka pamoja na vile ishirini, akatafuta maneno kwenye Kiswahili chake cha spana.

"Ng'ombe moja," akasema. "Ya shangazi."

Baba mdogo aliinuka kwenye kiti. Kisha akakichukua kile kijiti mkononi mwa fundi, akaja mpaka niliposimama na kandambili zake, akanitia kijiti kiganjani, akanifumba vidole kwa mkono wake mkavu. "Mwambie tumepokea," akasema. Hilo nalo lilimlazimu fundi aseme.

Walifunga ndoa kanisani wiki mbili baadaye, siku nne kabla ya safari. Binti aliondoka mchana, baba yake akimwona. Sasa wako Peru, naye ananitumia sauti kwenye simu, nusu Kihispania nusu Kiswahili, akinilalamikia kwamba mama mkwe wake hampi punguzo la viazi.

Ng'ombe wangu tulimpata mnadani pale Mhunze, mwekundu, mwenye doa jeupe pajani, na ameshazaa mara mbili. Anakaa kwa kaka, maana Nyasubi ningemweka wapi, juu ya fotokopi? Mwaka jana nilikwenda kuwasalimia nikakuta kaka ana wageni. Alikuwa anawatembeza zizini, anawaonyesha mmoja mmoja kama baba alivyokuwa akifanya. Nilisimama nyuma kidogo, karibu na lile pipa. Alipofika kwa yule mwekundu hakugeuka kuangalia kama nipo.

"Na huyu," akawaambia, "aliletwa na dada yangu."